Mfalme aliyerithi deni

Leo nakuomba ufungue Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya tatu. Utamkuta humo mfalme ambaye sisi tulipokuwa seminarini tulimpita mbio mbio, tukikimbilia habari za mdogo wake, Antioko Epifane, yule mtesi wa Wayahudi. Huyu ni Seleuko wa Nne. Hakuwa mtu wa makelele, na pengine ndiyo sababu tunamsahau.

Alirithi msiba. Baba yake, Antioko Mkuu, alishindwa na Waroma huko Magnesia, Asia Ndogo, mwaka 190 kabla ya Kristo. Kwa mapatano ya Apamea ya mwaka 188 alipoteza nchi za ng'ambo ya milima ya Tauro, tembo wa vita na karibu merikebu zote za kivita, akatozwa fidia ya talanta 15,000 za fedha. Kati ya hizo, 12,000 zilipwe kwa miaka 12. Mwaka 187 aliuawa akijaribu kupora hekalu huko Elimai, na deni likamwangukia mwanawe.

Seleuko alitawala kwa tahadhari. Safari moja alitoka na jeshi kubwa kumsaidia mfalme wa Ponto dhidi ya Pergamo. Kabla ya kuivuka milima ile ya Tauro akayakumbuka mapatano, akarudi. Waandishi wa kale walimwona dhaifu. Mimi simlaumu. Askari waliorudi wazima kwa wake zao sidhani kama walimcheka.

Lakini tazama, msomaji, fedha ilitafutwa wapi. Mfalme huyo huyo alikuwa akigharimia sadaka za Hekalu la Yerusalemu kwa mapato yake. Ndipo Simoni, msimamizi wa Hekalu, aliyegombana na Kuhani Mkuu Onia juu ya mambo ya soko, akapeleka habari kwamba hazina imejaa mali isiyo na hesabu. Onia akaeleza kuwa ni talanta 400 za fedha na 200 za dhahabu. Sehemu yake mali ya Hirkano wa ukoo wa Tobia, na nyingine amana za wajane na yatima. Waziri Heliodoro hakusikia. Amri ya mfalme ilikuwa amri.

Huenda nawe umewahi kukaa katika kikao ambamo macho yote yanageukia mfuko wa wasiojiweza, kwa kuwa ndio pekee wenye kitu. Mimi nimekaa, na nilichelewa kufungua kinywa.

Kitabu chasimulia kwamba Heliodoro alipigwa na wajumbe wa mbinguni, akabebwa hoi, akapona Onia alipomtolea sadaka. Aliporudi, mfalme alimwuliza ni nani afaaye kutumwa tena. Hapo ndipo ninaposumbuka kila nisomapo. Heliodoro akamjibu kwamba kama ana adui yeyote, amtume huyo.

Mwaka 175 Heliodoro ndiye aliyemwua mfalme. Fidia ilimalizwa na Antioko Epifane mwaka 173. Na Demetrio, mtoto wa Seleuko aliyepelekwa Roma badala ya baba yake mdogo, alikuwa angali kule siku baba yake alipokufa, rehani ya vita alivyopigana babu.