Anton Bruckner, Mwalimu wa Kijiji Aliyetunga Simfoni

Katika mji wa Wien, ulio mji mkuu wa Austria, liko jumba kubwa la muziki lililofunguliwa mwaka wa 1870. Humo watu hukusanyika kusikiliza okestra, yaani kundi kubwa la wapigaji, wengine wa fidla, wengine wa filimbi na zumari, wengine wa tarumbeta na ngoma, nao wote humfuata kiongozi mmoja asiyepiga chombo cho chote, bali huongoza kwa kijiti mkononi. Utungo mkubwa wa okestra huitwa simfoni. Kwa desturi huwa na sehemu nne, na nyingine huendelea muda wa saa nzima na zaidi.

Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye simfoni zake zilidharauliwa katika jumba lile, na baadaye zikapokewa humo kwa shangwe. Jina lake ni Anton Bruckner. Tumemchagua kwa sababu alianza kazi yake kama mwalimu wa kijiji. Tena maisha yake yatuonyesha jambo lililo gumu, yaani jinsi mtu mnyenyekevu awezavyo kulisikia shauri la wengine asiipoteze kazi aliyopewa yeye mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 4 Septemba 1824 katika kijiji cha Ansfelden, karibu na mji wa Linz. Baba yake alikuwa mwalimu, na babu yake vilevile. Siku zile mwalimu wa kijiji alikuwa pia mtumishi wa kanisa: aliwafundisha watoto, akapiga kengele, akapiga kinanda katika ibada, na penye arusi akapiga fidla ili watu wacheze. Mshahara ulikuwa haba. Anton alikuwa wa kwanza katika watoto 11, na wengi wao walikufa wangali wadogo. Mwaka wa 1837 baba yao naye akafa, na mama akampeleka Anton, mwenye umri wa miaka 12, kwenye nyumba ya watawa ya St. Florian, awe mmoja wa watoto waimbaji. Humo kanisani kilikuwamo kinanda kikubwa sana, na mtoto yule akakipenda kwa moyo wote.

Alipotimiza miaka 17 alitumwa kijiji cha Windhaag kuwa msaidizi wa mwalimu. Alfajiri alipiga kengele, mchana alifundisha, tena akaamriwa kufanya kazi ya shamba na kutandaza mbolea. Usiku alipiga fidla katika ngoma za wanakijiji apate senti chache. Hata hivyo hakuacha kujifunza. Baadaye akarudi St. Florian kufundisha, akakaa miaka 10. Kisha akashinda wengine katika mtihani, akawa mpiga kinanda wa kanisa kuu la Linz.

Tungedhani ya kuwa sasa angeridhika. Lakini yeye alijiona hajui kitu. Tangu mwaka wa 1855 hata 1861 alijifunza kanuni za utungaji kwa mwalimu mkali wa Wien, jina lake Simon Sechter. Kazi zake alizipeleka kwa posta, na wakati wa likizo alisafiri kwenda kufundishwa uso kwa uso. Sechter alimkataza kutunga cho chote cha moyoni mwake mpaka masomo yaishe, naye akatii. Mwishowe waamuzi walimpima katika kanisa moja la Wien, wakampa neno fupi alikuze kwenye kinanda pale pale. Akalikuza kwa ustadi mkubwa, hata mmoja wao, Johann Herbeck, akakiri ya kuwa ingefaa zaidi mtu huyu awapime wao. Hapo Bruckner alikuwa na umri wa miaka 37. Bado akatafuta mwalimu mwingine, Otto Kitzler, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka 10, ili amfundishe kuandikia okestra.

Mwaka wa 1867 akaugua ugonjwa wa akili. Alishikwa na hofu, tena hakuweza kujizuia kuhesabu kila alichokiona. Alitibiwa miezi kadhaa, akapona. Mwaka uliofuata akaitwa Wien, apate nafasi ya Sechter aliyekuwa amekufa, awafundishe vijana katika shule kuu ya muziki. Kama mpiga kinanda alisifiwa hata Paris na London. Lakini alipowaletea watu wa Wien simfoni zake, mambo yakawa mengine.

Walioipenda okestra katika mji ule walikuwa wamegawanyika. Wengine walimfuata Johannes Brahms, wengine Richard Wagner. Bruckner alimheshimu Wagner mno, akamtolea simfoni yake ya tatu; basi wapinzani wa Wagner wakawa wapinzani wake. Mwenye nguvu kati yao alikuwa Eduard Hanslick, ambaye maneno yake magazetini yaliogopwa na wapigaji na watungaji. Wapigaji wa okestra nao waliijaribu kazi ya Bruckner mara kwa mara, wakaikataa kuwa ni ndefu na haipigiki.

Herbeck aliahidi kuiongoza simfoni ya tatu, lakini akafa mwezi wa Oktoba 1877. Ikambidi Bruckner aiongoze mwenyewe, naye hakuwa na ustadi wa kazi hiyo. Siku ya tarehe 16 Desemba watu walianza kucheka, kisha wakatoka kundi kwa kundi, hata mwisho jumba likabaki karibu tupu. Wapigaji nao wakafunga vyombo vyao, wakaondoka upesi. Walibaki vijana wachache, mmoja wao Gustav Mahler, aliyekuwa na miaka 17, ambaye baadaye alikuja kuwa mtungaji mkuu wa simfoni. Lakini pale pale alimjia mwenye duka la kuchapisha muziki, Theodor Rättig, akataka kuichapa simfoni ile iliyokimbiwa.

Bruckner akaendelea kutunga. Mwaka wa 1881 Hans Richter aliiongoza simfoni ya nne. Husimuliwa ya kuwa Bruckner alifurahi mno hata akamtia Richter sarafu mkononi akanywe bia, kama mtu wa shamba ampavyo mchukuzi. Richter hakumcheka, aliitundika sarafu ile katika mkufu wa saa yake, akaivaa kwa ukumbusho.

Ushindi wenyewe ulitoka mbali. Tarehe 30 Desemba 1884 Arthur Nikisch aliiongoza simfoni ya saba katika mji wa Leipzig. Jina la mji huo si geni kwetu, maana chama cha Leipzig ndicho kilichowatuma wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka wa 1893. Miezi michache baadaye Hermann Levi akaipiga München, na watu wakashangilia sana. Bruckner alikuwa amekwisha kuwa na miaka 60.

Lakini jaribu kubwa kuliko yote lilitoka kwa rafiki. Mwaka wa 1887 alimpelekea Levi simfoni ya nane, akitumaini sifa, na Levi akajibu ya kuwa hawezi kuielewa. Maneno ya adui Bruckner aliweza kuyavumilia. Haya yalimvunja moyo. Akaigeuza simfoni ya nane, tena akazirudia zile za zamani, akakata hapa na kubadili pale. Wanafunzi na rafiki zake, waliompenda kwa kweli, walimsukuma afupishe, na nyingine walizipeleka kuchapwa zikiwa na mabadiliko ya mikono yao. Naye, aliyezoea kutii tangu utoto, mara nyingi alikubali.

Twaona hapa hatari ya unyenyekevu. Mtu aweza kuwasikia wote hata asiisikie tena sauti aliyopewa yeye. Lakini Bruckner alifanya jambo moja la hekima: karatasi alizoziandika kwa mkono wake hakuzitupa. Katika wosia wake wa mwaka 1893 aliamuru ziwekwe katika maktaba ya Kaisari huko Wien.

Tarehe 18 Desemba 1892 okestra ya Wien, chini ya Richter, ilipiga simfoni ya nane, wala haikupiga kitu kingine siku ile. Watu walishangilia kila sehemu ilipokwisha. Mzee yule aliyekimbiwa miaka 15 kabla alisimama mbele yao akiinama kwa shukrani.

Simfoni ya tisa alitaka kumtolea Mungu. Alikuwa Mkatoliki mwenye kusali sana, na kazi hii aliihesabu kuwa sadaka yake ya mwisho. Sehemu tatu alizimaliza. Ya nne alikuwa akiiandika hata alipokufa, tarehe 11 Oktoba 1896. Alizikwa St. Florian, kama alivyotaka, chini ya kinanda kile alichokipenda utotoni.

Simfoni hiyo ilipopigwa kwanza, mwaka wa 1903, ilikuwa imegeuzwa na mwanafunzi wake Ferdinand Löwe. Ndipo mwaka wa 1932, katika mji wa München, ikasikiwa kama Bruckner alivyoiandika, nayo haikuhitaji kugeuzwa. Tangu hapo karatasi zile zilizowekwa akiba zilitolewa moja moja, zikachapwa.

Nasi tulio walimu twapaswa kusahihishwa mara nyingi, na ni vema tukubali. Lakini kile tulichokifanya kwa moyo safi mbele ya Mungu tusikichome moto kwa sababu watu wametoka jumbani. Tukiweke mahali salama, kisha tuendelee na kazi.