Fanny Crosby: Mama Aliyelihifadhi Neno Moyoni

Wengi wetu tuliujua wimbo Usinipite Mwokozi kabla hatujajua kusoma. Maneno yake yaliandikwa mwaka wa 1868 na Fanny Crosby, mama kipofu wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 katika jimbo la New York. Akiwa na wiki 6 tu alipoteza uwezo wa kuona, na baba yake akafariki kabla hajatimiza mwaka mmoja. Nyanya yake, Eunice, alimsomea Biblia kwa subira. Baadaye, mama mwenye nyumba walimopanga alimfundisha hadi sura 5 kila wiki. Hivyo akazijua Injili zote nne kwa moyo.

Mwaka wa 1835 alijiunga na shule ya vipofu jijini New York, na baadaye akawa mwalimu papo hapo. Mwaka wa 1858 aliolewa na Alexander van Alstyne, mwanamuziki, naye pia kipofu. Walijaliwa mtoto mmoja, lakini akafariki angali mchanga. Katika majonzi hayo hakuhitaji kufungua kitabu ili kupata faraja. Neno lilikuwa tayari ndani yake. Kutoka katika akiba hiyo alitunga nyimbo zaidi ya 8,000. Alilala katika Bwana tarehe 12 Februari 1915.

Wapendwa, sisi wanakwaya hukariri sauti zetu kila wiki. Katika Jubilii hii, tuanze kukariri pia mstari mmoja wa Biblia kila asubuhi. Siku ya giza haibishi hodi.