Thomas Cranmer na Sala za Kila Siku

Kila tufunguapo Kitabu cha Sala, asubuhi au jioni, twafuata njia iliyotengenezwa zaidi ya miaka 470 iliyopita. Wengi wetu twazijua sala zile kwa ghibu, lakini habari za mtu aliyezipanga hatuzijui. Mtu huyo ni Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury. Tumeona vema tusimulie maisha yake, maana yana fundisho kwa kila Mkristo aonaye uzito wa kusali kila siku.

Cranmer alizaliwa tarehe 2 Julai 1489 katika kijiji cha Aslockton, Uingereza. Alisoma Cambridge katika Chuo cha Jesus, na baadaye akawa mwalimu huko huko. Alioa angali kijana, lakini mkewe alifariki wakati wa kujifungua, na mtoto naye akafa. Baada ya msiba huo alirudi chuoni akawa kasisi. Husemwa ya kuwa alipowatahini wanafunzi wa theolojia, aliwarudisha nyuma wale wasioyajua Maandiko, hata kama walikuwa hodari katika mambo mengine. Wengine walimchukia kwa hayo, na wengine walimshukuru baadaye.

Mwaka 1533 Mfalme Henry wa Nane alimfanya Askofu Mkuu, kwa kuwa alikuwa amemsaidia katika shauri la kuvunja ndoa yake. Cranmer alikuwa mtu wa vitabu kuliko mtu wa baraza. Hata hivyo alikaa karibu na mfalme aliyekuwa mkali sana, naye alijifunza kuogopa.

Siku zile sala za kanisa zilikuwa kwa Kilatini. Watawa walisali nyakati nane kila siku, lakini mkulima na mkewe hawakuelewa yaliyosomwa. Hata masomo yenyewe yalikatwakatwa. Kitabu cha Biblia kilianzwa, kisha sikukuu ikaingia kati, na mwisho wake haukufikiwa. Mwaka 1538 amri ilitolewa ya kuweka Biblia ya Kiingereza katika kila kanisa, na mwaka 1540 Cranmer aliandika dibaji ya Biblia hiyo, akiwahimiza watu wote waisome.

Henry alipofariki mwaka 1547, mwanawe Edward alitawala, na mwaka 1549 Kitabu cha Sala cha Kiingereza kikatoka. Cranmer alizikusanya zile nyakati nane zikawa mbili, Asubuhi na Jioni. Zaburi zote 150 ziligawanywa zimalizike kwa siku 30. Sehemu kubwa ya Agano la Kale ilisomwa mara moja kwa mwaka, na Agano Jipya, isipokuwa Ufunuo, mara tatu. Katika kitabu cha 1552 kasisi wa mtaa aliagizwa kupiga kengele kabla ya sala, ili wenye nafasi waje.

Tuangalie utaratibu wake. Kwanza twasikia Neno, ndipo twaomba. Sisi tuliofundisha miaka mingi twajua ya kuwa mtoto hujifunza kusema kwa kusikia. Ndivyo ilivyo katika sala: Mungu husema kwanza, nasi twamjibu.

Kolekti nyingi zimejengwa hivyo. Twamwita Mungu, twataja jambo alilolifanya au jinsi alivyo, twaomba neno moja, twasema twaliombea nini, kisha twamaliza kwa jina la Kristo. Tuchukue mfano wa kolekti ya Jumapili ya pili ya Majilio katika kitabu kile. Chanzo chake ni Warumi 15:4, lililokuwa katika somo la siku ile. Mtume asema Maandiko yaliandikwa kutufundisha ili tuwe na tumaini. Na sala yaomba kwamba Maandiko hayo yatuingie kama chakula kiingiavyo mwilini.

Lakini tusimfanye Cranmer malaika. Alihusika katika mashauri ya watu waliochomwa moto kwa sababu ya imani yao. Tena, kitabu chake kilipolazimishwa mwaka 1549, watu wa Cornwall na Devon waliasi. Wengi katika Cornwall hawakujua Kiingereza, na uasi ule ulizimwa kwa damu nyingi.

Edward alifariki mwaka 1553, na dada yake Mary akaurudisha utii kwa Papa. Cranmer alifungwa. Mwezi Oktoba 1555 rafiki zake, Maaskofu Latimer na Ridley, walichomwa moto huko Oxford. Yeye alibaki peke yake, mzee mwenye hofu, akishawishiwa kila siku. Mwishoni alivunjika moyo, akatia sahihi karatasi za kuyakana aliyoyafundisha, si mara moja tu. Hata hivyo hakusamehewa.

Tarehe 21 Machi 1556 aliletwa katika Kanisa la Mtakatifu Maria, Oxford, ili aungame makosa yake mbele ya watu. Alipiga magoti akasali. Kisha, watu wakishangaa, alizikana zile karatasi zenyewe. Alipofikishwa motoni alitanguliza mkono wa kuume, ule uliotia sahihi, uungue kwanza.

Basi tutafakari. Maungamo ya Sala ya Asubuhi na ya Jioni, yanayotufananisha na kondoo waliopotea, yaliingizwa kitabuni mwaka 1552. Maneno yake yametoka katika Maandiko, kama Isaya 53 na Zaburi 119. Haikupita miaka minne, mtu aliyekisimamia kitabu kile akawa yeye mwenyewe kondoo aliyepotea. Kitabu chetu, basi, hakikutoka kwa shujaa. Alikitengeneza mtu dhaifu, kwa ajili ya watu dhaifu.

Kwa hiyo mtu asiseme, sisali leo kwa kuwa moyo wangu ni baridi. Sala za kila siku hazingoji moyo upate moto. Katika karne ya 19 Askofu Edward Steere wa Unguja alitafsiri sehemu kubwa ya sala hizi kwa Kiswahili, ili nasi tumjibu Mungu kwa lugha tuielewayo. Tusiache zikae kabatini hata Jumapili.

Tuanze na kidogo. Tusome somo la siku, hata kama ni mistari michache. Tutafute humo jambo moja alilolifanya Mungu, tumshukuru kwa hilo. Kisha tuombe neno moja linalotoka katika somo lile lile, kwa jina la Bwana wetu. Dakika kumi zatosha kabla ya kwenda shambani au kazini. Na siku tutakapoanguka, tutakuwa tumekwisha kujifunza maneno ya kurudia nyumbani.