Seyyid Barghash, Meli Zake na Ghuba ya Tungue

Askari anayepewa lindo la pwani hutambua mapema kwamba bahari haina ukuta wala lango. Pwani hulindwa na chombo kinachoweza kufika mahali panapotakiwa, kwa wakati unaotakiwa, kikiwa na watu na silaha za kutosha. Ukweli huo aliujua Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888. Maisha yake yaliandamana na habari za vyombo vya bahari tangu ujana mpaka siku zake za mwisho, na pigo lake mojawapo la mwisho lilimfika katika ghuba ya Tungue.

Tungue iko kusini ya mdomo wa Mto Ruvuma, katika mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, na ufukweni mwake umekaa mji wa Palma. Katika karne ya 19 ghuba hiyo ilikuwa ukingo wa kusini wa himaya ya Unguja. Watawala wa Unguja walidai kwamba mpaka wao unafika Mto Minengani, kichwani mwa ghuba. Wareno nao, waliokuwa na ngome yao Msumbiji, walidai kwamba mahali hapo ni pao.

Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837, akiwa mmoja wa wana wengi wa Seyyid Said bin Sultan. Baba huyo alikuwa mtu wa bahari hasa, na meli zake kubwa ziliundwa Bombay, katika viwanda vya mafundi wa ukoo wa Wadia. Mafundi hao walichukua umbo la meli za kivita za Kizungu na kulijenga kwa msaji wa Bara Hindi, mti usiooza upesi katika maji ya joto. Liverpool, meli ya mizinga 74 iliyoundwa mwaka 1826, ilipelekwa zawadi kwa Mfalme wa Uingereza mwaka 1836. Sultana, iliyoundwa mwaka 1833, ilifika New York mwaka 1840 chini ya mjumbe Ahmad bin Na'aman. Basi Barghash alikulia katika nyumba ambamo kuchanganya ujuzi wa mataifa mbalimbali katika chombo kimoja halikuwa jambo geni.

Seyyid Said alifariki dunia mwaka 1856 akiwa baharini, naye Majid akashika utawala wa Unguja. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 aliasi, akashindwa baada ya manowari ya Kiingereza kumsaidia ndugu yake, akapelekwa uhamishoni Bombay. Huko alikaa kama miaka miwili katika mji wenye gudi kubwa, maji ya mabomba na meli za moshi, na mengi aliyoyafanya alipokuwa mtawala yalifanana na yale aliyoyaona huko. Mwezi Oktoba 1870 Majid alifariki, na Barghash akakalia kiti.

Kabla hajatimiza miaka miwili, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kikali kiliipiga Unguja. Mikarafuu na minazi ya kisiwa iling'olewa kwa wingi usiosemeka, na meli za Sultani zilizokuwa zimetia nanga bandarini karibu zote ziliangamia. Kwa siku moja mtawala wa pwani ndefu, tangu Banadiri hadi Tungue, alibaki bila ya chombo cha vita cha maana. Mwaka uliofuata, 1873, manowari za Kiingereza zilipokuja kumshurutisha atie sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, hakuwa na nguvu ya kubisha. Mkataba huo ulikuwa wa haki kwa waliokuwa wakiuzwa. Lakini Barghash alijifunza pia kwamba mtawala asiye na meli husaini karatasi za wenye meli.

Yafaa hapa tuvitazame vyombo vilivyokuwapo. Mtepe wa kale, uliounganishwa mbao zake kwa kamba za kumbi bila ya misumari, ulinyumbuka juu ya mawimbi na miamba, ila haukuweza kubeba mizinga mizito. Ngalawa, iliyochongwa katika gogo moja na kusimamishwa kwa mbao mbili za kuelea, moja kila ubavu, ilikuwa nyepesi na ya kasi, lakini ni ya wavuvi. Jahazi ndilo lililobeba shehena na askari. Tanga lake, lililofungwa katika foromali ndefu iliyolala mshazari juu ya mlingoti, liliweza kuuendea upepo karibu zaidi kuliko matanga ya mraba. Hata hivyo, kila lilipogeuzwa ilibidi foromali ihamishiwe upande wa pili wa mlingoti, kazi inayotaka watu wengi na nafasi kubwa.

Juu ya hayo palikuwa na suala la majira. Wakati wa kaskazi jahazi liliteremka kutoka Unguja hadi Tungue bila taabu. Kusi ilipoanza kuvuma, safari hiyohiyo ilikuwa ya kupiga bisho siku kwa siku, huku mkondo wa bahari nao ukikirudisha chombo kaskazini. Maana yake ni kwamba kwa miezi kadhaa ya kila mwaka lindo la kusini lilikuwa mbali na msaada. Adui mwenye meli ya moshi hakuwa na haja ya kungoja majira.

Wahandisi wa Uingereza walikuwa wamekwisha kulishughulikia tatizo lililokaribiana na hilo. Meli ya mbao tupu ilikuwa nzito, nayo huliwa na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Meli ya chuma ilikuwa imara, lakini chini yake iliota chaza na majani ikapungua mwendo, wala haikuwezekana kuivika bati la shaba moja kwa moja, kwa kuwa shaba na chuma vikigusana katika maji ya chumvi chuma huliwa upesi. Jawabu lao lilikuwa kuchanganya: mataruma ya chuma ndani, mbao nje yake, kisha shaba juu ya mbao. Hivyo chuma kilitoa nguvu, shaba ikazuia wadudu na magugu, na mbao zikavitenga viwili hivyo. Cutty Sark, meli ya matanga iliyopata sifa kubwa katika biashara ya chai, iliundwa hivyo mjini Dumbarton, Uskochi, mwaka 1869, na waliomaliza kuiunda ni kampuni ya William Denny.

Kwa kampuni hiyohiyo ndiko ilikoundwa meli ya Barghash. Alikuwa ameizuru Uingereza mwaka 1875, na mwaka 1878 meli yake iitwayo Glasgow iliteremshwa majini Dumbarton. Ilifuatisha umbo la manowari ya Kiingereza yenye jina hilo, iliyofika Unguja mwaka 1873. Mataruma yake yalikuwa ya chuma, ubao wake msaji, vazi lake la nje shaba. Ilikuwa na milingoti mitatu yenye matanga kamili, na tumboni mwake mashine ya moshi. Palipokuwa na upepo ilitweka. Upepo ulipokataa iliwasha moto. Kwa mpango wake ilikuwa jawabu la kusi, la wadudu na la umbali wa Tungue.

Hata hivyo Barghash hakupendezwa nayo, na kwa muda mwingi ilikaa imetia nanga mbele ya jumba lake. Zilizofanya kazi ni meli za moshi za biashara alizozinunua, zilizobeba abiria na mizigo kati ya Unguja, Bombay na Madagaska. Katika nchi kavu aliunda jeshi jipya tangu mwaka 1877 chini ya Luteni Lloyd Mathews. Alileta maji ya mfereji mjini na kujenga Beit al-Ajaib. Haki itendeke: alikuwa mjenzi. Lakini jeshi la baharini lenye mazoezi, linalojua kuitumia ile meli bora, hakuliunda.

Mwezi Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilisimama mbele ya mji wake, naye akakubali madai ya Wajerumani barani. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikata mipaka yake bila ya ridhaa yake, zikamwachia ukanda wa maili 10 kutoka Mto Minengani, Tungue, hadi Kipini. Wareno hawakuutambua mpaka huo. Mapema mwaka 1887 balozi wao Unguja, yule msafiri Serpa Pinto, alimtaka Sultani aitoe Tungue, na alipokataa uhusiano ukavunjwa. Mwezi Februari manowari za Kireno ziliupiga mizinga mji, vijiji vya ghuba vikateketea, na meli ya Sultani iitwayo Kilwa ikakamatwa. Ulikuwa msimu wa kaskazi, upepo ukielekea Tungue. Majira hayakumzuia Sultani. Kilichokosekana ni nguvu iliyo tayari.

Barghash alifariki dunia mwezi Machi 1888. Glasgow ilizamishwa bandarini na manowari za Kiingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimiza saa moja. Kionga, jirani ya Tungue, ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, ikatekwa na Wareno mwaka 1916, na kukabidhiwa kwao rasmi mwaka 1919. Hivyo ndivyo mpaka ulivyotulia katika Ruvuma.

Mwezi Machi 2021 Palma ilishambuliwa na magaidi, na maelfu ya raia waliikimbia. Wengi wao waliokolewa kwa njia ya bahari, wengine katika vyombo vidogo vya wenyeji, vya aina ileile iliyokuwa ikitweka katika ghuba hiyo kabla Barghash hajazaliwa. Askari na polisi wa leo yawafaa wakumbuke mambo hayo mawili pamoja. Chombo bora kilichobuniwa na mafundi hodari kilikaa nangani bila ya kumlinda mtu, na mashua ya mvuvi, ilipokuwapo mahali na wakati ilipohitajiwa, iliokoa maisha. Ubora wa chombo hutimizwa na mazoezi, utayari na moyo wa watu wanaokiendesha.