Maisha ya Habib Saleh wa Lamu, Aliyeasisi Riyadha

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Amma baada ya hayo. Mtu wa pwani huhamia bara kutafuta riziki, akafungua duka Njombe penye baridi na mashamba ya chai, au Makambako, panapokutana reli na njia ziendazo Iringa, Mbeya na Songea. Akiisha kutulia huwatazama watoto wake, na watoto wa jirani zake waliosilimu jana na juzi, akajiuliza watasoma wapi nao hawana madrasa ya kuta wala mwalimu mwenye jina. Swali hili si geni. Alilijibu kwa vitendo mtu mmoja wa Lamu zaidi ya miaka mia iliyopita, na khabari zake zafaa kujulikana.

Mtu huyo ni Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilail, ambaye watu wamezoea kumwita Habib Saleh. Alizaliwa kisiwani Ngazija katikati ya karne ya kumi na tisa ya miladi, katika ukoo wa masharifu ambao asili yao ni Hadhramaut. Akali kijana alivuka bahari akaja Lamu, akafikia kwa mzee wa jamaa yake, Sayyid Ali bin Abdallah Jamalilail. Huko alisoma kwa wanavyuoni wa mji, na mmoja wao ni Mwenye Mansabu, mwanachuoni aliyekuwa hodari wa kuzileta ilimu za Kiarabu katika tungo za Kiswahili ili watu wazifahamu.

Lamu ya siku hizo ulikuwa mji wa daraja. Upande wa Mkomani zilikuwako nyumba za mawe, na ndani yake wakikaa waungwana, wenye mashamba na majahazi. Upande wa kusini, Langoni, zilikuwa nyumba za udongo na makuti, nao waliokaa humo ni wageni, watu wa Ngazija, Mahadhrami wachuuzi, na watumwa na waliokwisha kuachwa huru. Ilimu nayo ilifuata daraja hizo. Darasa za fiqihi na nahau zilikuwa za wana wa waungwana na masharifu, na mtumwa alitosheka na kujua namna ya kusimama katika sala, tena nyuma ya wengine.

Habib Saleh kwa nasaba yake angeweza kukaa Mkomani na kuheshimiwa hata mwisho wa umri wake, pasina taabu yoyote. Lakini alihamia Langoni, akajenga kibanda, akatandika mkeka, akawasomesha waliokuja. Na waliokuja ni wale ambao hawakuwa na pa kwenda.

Jambo hili liliwachukiza wakubwa wengi wa mji. Hawakukosa sababu katika macho yao, maana waliona kwamba mtumwa akijua sharia atajua na haki yake, na mtu asiye na ukoo akijua kusoma atataka kukaa mbele. Kwa hivyo walimlaumu sharifu huyu kuwa amejishusha cheo na kuishusha ilimu pamoja naye.

Ewe msomaji, ipime lawama hiyo kwa mizani ya sharia. Katika madhehebu ya Imamu Shafii mtumwa hawajibiki kwenda Ijumaa wala kuhiji, ama sala tano na saumu ya Ramadhani ni faradhi juu yake kama zilivyo juu ya bwana wake. Na kila lililo faradhi kulitenda, ni faradhi kulijua. Basi anayemzuia mja wa Mwenyezi Mungu asijifunze sharti za udhu na nguzo za sala, humzuilia ibada yake, na dhambi humrudia yeye mzuiaji. Habib Saleh hakuzusha jambo. Alishika faradhi ambayo wengine waliiacha kwa ajili ya heshima ya mji. Alifanya hivyo miaka mingi kabla ya kanuni ya mwaka 1907, ambayo kwayo serikali ya Waingereza iliukomesha utumwa katika pwani ya Kenya. Hakungoja serikali imwambie kuwa mtumwa ni mtu.

Lawama ya pili ilikuwa juu ya maulidi. Habib Saleh alifuata nyayo za Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun katika Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915. Habib Ali alijenga ribati ya kusomesha wageni na maskini, akatunga maulidi iitwayo Simtud-Durar. Maulidi hiyo Habib Saleh aliieneza Lamu, ikisomwa kwa kasida na matari, watu wote wakishirikiana kwa sauti moja, hata yule asiyejua herufi. Wazee wa mji waliozoea Barazanji isomwayo kwa utulivu walisema kwamba ngoma imeingizwa msikitini.

Jambo hili lina maneno ya wanavyuoni pande zote mbili, na haifai kumtukana mwenye rai yoyote katika hizo. Imamu Nawawi katika Minhaji amejuzisha dufu katika arusi na khitani, na katika furaha nyingine pia kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwake. Na wako wanavyuoni waliochukia kupigwa msikitini kwa kuchunga heshima ya mahali. Habib Saleh aliishika kauli ya ruhusa kwa sababu aliona matari yanawavuta watu wa Langoni mpaka mlango wa msikiti, na wakiisha kuingia kwa kasida, hubaki kwa darasa. Mwenye kumhukumu na aitazame nia yake pamoja na matunda yake.

Kibanda kilijaa, kisha kikawa hakitoshi. Kiasi cha mwaka 1900 ulisimama msikiti wa Riyadha, na jina hilo maana yake ni mabustani. Msikiti huo ukawa madrasa na ribati pamoja. Wanafunzi walikuja kutoka visiwa vya jirani, na Ngazija, na pwani ya kusini, na bara. Mafundisho yalikuwa kwa desturi ya pwani: duara juu ya mkeka, mwanafunzi asome matini ya Kiarabu, na mwalimu amfasirie neno kwa neno kwa Kiswahili. Mwanafunzi huanza kwa Safina apate kujua twahara na sala, akaingia Ajurumiya kwa nahau, kisha akapanda daraja kwa daraja mpaka vitabu vikubwa. Mwana wa sharifu na mwana wa mtumwa wakakaa duara moja, bega kwa bega, na aliyetangulia ni yule aliyehifadhi zaidi.

Habib Saleh alifariki Lamu mwaka 1935, naye ni mzee sana. Wanawe na wajukuu waliishika kazi yake, na waliosoma Riyadha wakatawanyika katika Afrika ya Mashariki wakifungua vyuo vyao. Kila mwaka katika Mfungo Sita wageni humiminika Lamu kwa maulidi na kulizuru kaburi lake, na katika wanaopokea wageni hao wamo watoto wa nyumba zile zile zilizomlaumu. Vitabu vya khati vilivyokusanywa Riyadha vimehifadhiwa, na katika karne hii vimepigwa picha ili visipotee.

Lakini lililo kubwa katika maisha yake si msikiti wala zefe. Lililo kubwa ni kuwa mkeka ulitangulia jengo kwa miaka mingi, na wanafunzi wa kwanza walikuwa wale ambao mji haukuwahesabu. Basi mtu wa pwani aliyeko Njombe au Makambako asiseme kwamba hana Riyadha. Akiwa ana mkeka, na juzuu ya Amma, na Safina, na saa moja baada ya Magharibi, anacho kile alichoanza nacho Habib Saleh. Na akija mtoto wa kuli, au wa mwenyeji aliyesilimu asiyejua hata kutamka alifu, asimweke nyuma ya mwanawe, bali amweke kando yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Habib Saleh na walimu wake, azijaze nuru kaburi zao, na atupe sisi ilimu yenye manufaa na moyo wa kuitoa. Amin.