Daktari Kandt na Maji ya Kigali

Muhula uliopita tulipelekwa kuitazama nyumba ya Daktari Richard Kandt iliyoko Nyarugenge, hapa Kigali, ambayo siku hizi ni nyumba ya makumbusho. Nimeona yafaa niwasimulie maisha yake kwa ufupi, maana yamo ndani yake mambo yatuhusuyo sisi tunaokaa vilimani.

Kandt alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Posen, uliokuwa chini ya Wajerumani zamani zile. Leo umo katika nchi ya Poland. Alisomea udaktari, akatibu wagonjwa wa akili. Lakini moyo wake haukutulia, kwa kuwa alitaka kujua mto Nile unaanzia wapi. Mwaka 1897 alifunga safari kutoka pwani pamoja na wapagazi wake, wakaenda kwa miguu hata wakafika Rwanda. Mwaka 1898 aliufuata mto Nyabarongo kwenda juu, kisha Mwogo, kisha Rukarara, mpaka akafika penye chemchemi ndogo katika msitu wa Nyungwe. Akasema kwamba hapo ndipo chanzo cha Nile. Habari hizo alizitoa katika kitabu mwaka 1904.

Mwaka 1907 Serikali ya Wajerumani ilimfanya mwakilishi wake katika Rwanda, naye akachagua Kigali pawe makao yake, kwa sababu ni katikati ya nchi. Yatupasa kusema kweli: alikuja kutawala, wala wenyeji hawakumwita. Vita ilipoanza mwaka 1914 alikuwa kwao likizoni. Akatumika kama daktari wa jeshi, akafa katika mji wa Nuremberg mwaka 1918.

Basi, maji ya chemchemi ile hupita karibu na mji wetu katika Nyabarongo. Na mvua inayoanguka juu ya mabati yetu huteremka Nyabugogo, ikaingia Nyabarongo hiyo hiyo, ikaenda Akagera, Ziwa Viktoria, hata Nile. Siku za Kandt nyumba zilikuwa chache, na udongo na majani vilikunywa mvua. Katika sensa ya 2022 Kigali ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.7. Bati na lami havinywi maji.

Barabara ya kwetu ilipojengwa upya nilifurahi sana. Ilikuwa na lami safi na mfereji wa mawe, ule tunaouita ruhurura. Masika yalipofika, maji yalishuka kwa nguvu, yakafurika penye kona, yakabomoa ukuta na jiko la bibi mmoja jirani yetu. Twashukuru hakuumia. Mimi na mama tulikesha tukizoa matope kwa sepetu.

Tangu usiku ule nafikiri hivi: barabara ijengwapo upya, na maji yapewe mahali pa kupumzika. Kandokando upandwe mfereji wa majani, ambao hupunguza mwendo wa maji na kushika matope. Pachimbwe mashimo yaliyojazwa mawe, maji yazame polepole. Ipandwe miti, na kila nyumba iwe na pipa la kukingia. Hapo ruhurura itapokea machache, tena kwa zamu. Ila penye mteremko mkali mashimo hayafai, maana ardhi iliyolowa huweza kuporomoka; hapo yafaa matuta na miti, kama wazee wetu wafanyavyo mashambani. Mabonde nayo yasijengwe. Bonde la Nyandungu lililokuwa limeharibika lilipandwa miti tena, likafunguliwa kwa watu mwaka 2022, na leo hupokea maji kama sponji.

Ninyi mliomaliza masomo hapa, ambao wengine ni mainjinia sasa, mkumbukeni bibi yule mnapochora barabara. Kandt alitembea miezi mingi akitafuta mwanzo wa Nile. Sisi unaanguka mlangoni petu kila masika, na maji yakimwagika hayazoleki.