Ivar Aasen na Umbo la Kitenzi

Ivar Aasen alizaliwa mwaka 1813 katika familia ya wakulima huko Ørsta, magharibi mwa Norwei. Alifiwa na mama angali mtoto mdogo, na baba mwaka 1826. Elimu yake kubwa aliipata kwa kujisomea.

Norwei ilikuwa chini ya Denmark kwa karne nyingi hadi 1814, na hata baada ya hapo lugha ya maandishi ilibaki Kidenishi. Lahaja za vijijini zilidharauliwa na wasomi wengi, zikadhaniwa kuwa ni lugha iliyoharibika. Kati ya 1842 na 1846, akifadhiliwa na jumuiya ya wanazuoni ya Trondheim, Aasen alizunguka nchini akiandika maneno na sarufi ya wakulima.

Ushahidi mmojawapo alioukuta ni umbo la kitenzi lionyeshalo tendo lililokamilika. Katika lugha ya kale, kitenzi cha kuja kilikuwa na kominn kwa jinsia ya kiume, komin kwa ya kike, na komit kwa jinsia ya tatu. Kidenishi cha maandishi kilikuwa kimeunganisha kiume na kike, kikabaki na kommen na kommet. Lakini vijijini jinsia zote tatu zilikuwa hai. Katika kanuni yake Aasen aliandika komen, komi na komet, na wingi wake komne. Likifuata kitenzi vera, yaani kuwa, umbo hilo hupatana na kiima kwa jinsia na idadi, kama Kiswahili kinavyopatanisha ngeli katika mtu amekuja na kitu kimekuja. Likifuata hava, yaani kuwa na, halibadiliki. Lahaja zilizohifadhi kile ambacho Kidenishi kilikwisha kukipoteza hazingeweza kuwa Kidenishi kilichoharibika.

Sarufi yake ilitoka mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850. Alizitoa upya, zikiwa kamili zaidi, mwaka 1864 na 1873. Tarehe 12 Mei 1885 Bunge liliipa lugha hiyo hadhi sawa na ile ya Kidenishi. Aasen alifariki mwaka 1896 mjini Kristiania, Oslo ya leo, bila kuoa.

Tangu 1929 lugha hiyo huitwa nynorsk. Umbo komi la kike limeacha nafasi yake kwa komen, litumikalo sasa kwa kiume na kike. Wingi komne ungalipo. Mfasiri akutanaye na komen au komne baada ya kitenzi kuwa anaiona bado kazi ya Aasen.